Anashiba lakini mbavu zinahesabika: kutafuta kosa kwenye sahani ya mbwa wako

Katika nyumba nyingi za Bukavu mbwa hula kilichobaki: bugali wa chini ya sufuria, mchuzi wa sombe (majani ya muhogo), na siku ya bahati kichwa cha samaki. Chakula cha nyumbani chenyewe hakina ubaya. Mbwa si paka. Tumbo lake linamudu vizuri wanga uliopikwa, na ameishi na binadamu kwa mabaki tangu zamani. Shida ni kwamba kinachobaki mezani karibu kila mara ni wanga. Samaki, yai na nyama huishia kwa watoto, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mbwa anapata sahani iliyojaa, anashiba, na bado anakosa.

Kwa hiyo kabla hujakimbilia sindano za vitamini zinazouzwa pembeni mwa soko la Kadutu, andika kila kinachoingia mdomoni mwake kwa wiki moja. Kila kitu: anachotupiwa na watoto, anachogawiwa na sentineli (mlinzi) usiku, anachookota kwenye takataka za jirani. Mara nyingi karatasi hiyo peke yake inajibu swali.

Kisha mpime kwa mkono, kwa sababu manyoya hudanganya. Kunja ngumi upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zake zikikupa hisia hiyo, amekonda. Fungua mkono, pitisha kidole nyuma ya kiganja: hapo ndipo mbavu zinapotakiwa kuwa, unazigusa bila kuzitafuta. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, wenye nyama, amenenepa kupita kiasi. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane nyuma ya mbavu.

Anakula sana, hanenepi

"Papa, huyu anakula kuliko sisi wote, lakini mwangalie." Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote, na sababu zake kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni minyoo. Usibadilishe chakula kabla ya kutoa dawa ya minyoo, maana utakuwa unawalisha wao. Mtoto wa mbwa huanza dawa akiwa na wiki 2, anarudia kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mkubwa, kila miezi 3 inatosha kwa kawaida. Angalia pia chini ya mkia na pale anapolala: vipande vyeupe vinavyofanana na punje za mchele ni tegu, na aina inayopatikana zaidi huletwa na viroboto. Hapo dawa ya pirantel peke yake haitoshi, inahitajika yenye prazikwanteli, na viroboto nao waondolewe, la sivyo tegu watarudi.

Ya pili ni bugali. Unga wa muhogo una protini asilimia 1 au 2 tu. Unga wa mahindi una karibu asilimia 8. Mbwa mzima anahitaji chakula ambacho, ukiondoa maji, angalau asilimia 18 ni protini. Anayekua anahitaji asilimia 22 na zaidi. Mpe bugali wa muhogo hata sufuria mbili, hesabu haitimii. Atavimba tumbo, atajamba, atakunya kinyesi kingi, na misuli ya mgongo na mapaja itazidi kupungua. Ukimwona mbwa mwenye tumbo kubwa na mapaja membamba, na dawa ya minyoo ameshapata, tazama sahani.

Dawa yake tunayo ziwani. Sambaza, wale dagaa wetu wadogo, hawakuwa samaki wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio protini rahisi ya mji huu. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao midogo, wanaleta pia kalsiamu ambayo steki haina. Kwa mbwa wa kilo 15, wa kazi ya kawaida, kipimo cha siku nzima ambacho mimi hukitegemea ni hiki: unga wa mahindi gramu 150 (kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa), sambaza wakavu gramu 60 (konzi mbili), kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na lengalenga au karoti iliyokatwa ndogo. Hiyo inafika karibu kalori 900, ambazo mbwa wa uzito huo anazihitaji. Mara mbili kwa wiki ongeza yai lililochemshwa. Mara moja kwa wiki kipande cha ini cha ukubwa wa vidole viwili. Ini lisizidi hapo, kwani vitamini A ikilundikana mwilini huumiza mifupa.

Namna ya kupika ina maana yake. Osha sambaza mara mbili kutoa mchanga, watie kwenye maji baridi, wachemke dakika 15 hivi, kisha ndipo unga uingie humohumo kidogo kidogo ukikoroga, uwe uji mzito badala ya bugali mkavu. Mafuta yatiwe mwishoni, sufuria ikishaipuliwa. Ukipika bugali peke yake na kuweka sambaza juu, mbwa mjanja anachagua samaki na kuacha unga, na kesho yake unasema hapendi kula.

Wakiadimika sambaza, maharage yaliyoiva kabisa yanasaidia, na soya zaidi, kwa kuwa ina protini kama asilimia 36. Lakini soya mbichi, hata ikisagwa, ina vitu vinavyozuia tumbo kutumia protini hiyo. Ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza. Maharage yasiyoiva ni sumu, kwa mbwa kama kwa mtu. Makayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, je? Chumvi yake ni nyingi mno. Loweka usiku mzima, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, na hata hivyo mpe kidogo.

Siwezi kusema mapishi haya ni sawa na chakula kilichopimwa maabara. Yanabaki na upungufu wa madini fulani, zinki hasa, na nitairudia hapa chini. Ila ukilinganisha na bugali na mchuzi, ni mbingu na ardhi.

Kinyesi laini, au anaharisha

Jiulize kwanza: kuna kilichobadilika wiki hii? Tumbo la mbwa halipendi mageuzi ya ghafla. Chakula kipya kiingizwe kwa siku 7: robo siku mbili za kwanza, nusu siku mbili zinazofuata, robo tatu, kisha chote. Wengi wanaoniambia chakula fulani "kinamdhuru" walikibadilisha kwa siku moja.

Maziwa ni mshukiwa wa pili. Mbwa wazima wengi hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Mashanza huwa na nafuu kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa wakati maziwa yanaganda, lakini hata hayo ni kijiko, si bakuli. Mshukiwa wa tatu ni mafuta mengi kwa mkupuo: ngozi ya kuku, mchuzi wa mbuzi wa sherehe, parachichi zilizodondoka uani. Parachichi yenyewe kidogo haimuui mbwa. Kokwa lake ndilo la kuogopa, linamezeka na kuziba utumbo.

Kwa mbwa mzima aliye mchangamfu, mpe siku 2 za wali laini na kuku aliyechemshwa bila ngozi, au yai, kidogo kidogo mara nne kwa siku, na maji safi yasikosekane. Ukiona damu, au anatapika pia, au ni mtoto wa mbwa, usijaribu wali. Mtoto asiyechanjwa anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi, na hiyo si habari ya chakula. Anaweza kufa upesi kwa kuishiwa maji.

Na usisahau maji yenyewe. Bomba likikauka siku tatu na kila mtu anahesabu bidoni zake, mbwa ndiye anayenyweshwa maji ya mfereji. Mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja kwa siku, na zaidi kidogo katika kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Manyoya yamefifia, ngozi ina magamba

Akijikuna usiku na mchana, tafuta viroboto na upele kwanza, kwa sababu hakuna chakula kinachotibu upele. Ngozi ikiwa kavu, yenye mba, na manyoya yanavunjika bila kujikuna sana, hapo chakula kinahusika, na kwa kawaida ni mafuta yasiyo sahihi.

Mafuta ya mawese tunayo tele, na rangi yake nyekundu ni mali: mbwa huigeuza kuwa vitamini A. Lakini asidi ya linoleiki, ile mafuta ambayo ngozi yake haiwezi kujitengenezea, ni kama asilimia 10 tu ya mawese. Mafuta ya soya yana karibu nusu, na ya alizeti ya kawaida hata zaidi. Kijiko kidogo cha mojawapo kwa kila kilo 10 za mbwa, kila siku, kikichukua nafasi ya sehemu ya mawese, huonyesha tofauti baada ya wiki 6 hivi. Usihukumu baada ya wiki moja, manyoya huota polepole.

Sasa zinki. Ukiona magamba magumu kuzunguka macho na mdomo, kwenye viwiko, na nyayo zimepasuka, na ukijua mbwa huyo ameishi kwa unga wa mahindi miezi mingi, hesabu inaelekea huko. Punje za mahindi na soya zina kitu kinachoishika zinki na kuizuia kuingia mwilini. Nyama nyekundu kidogo husaidia. Vidonge vya zinki vipo, lakini kipimo apange veterineri, kwani zinki ikizidi ni sumu.

Mtoto wa mbwa: miguu inapinda, anachechemea

Hapa ndipo ninapowaona watu wenye pesa wakikosea kuliko wasionazo. Mtu ananunua mtoto wa beje aleman (German shepherd), anataka awe simba, anamlisha nyama tupu. Nyama ina fosforasi nyingi sana na kalsiamu karibu hakuna. Mwili unaitafuta kalsiamu kwenye mifupa, na mifupa inakuwa laini. Miguu ya mbele inapinda, nyayo zinatandazika, akirukia kochi anavunjika. Mtoto wa jirani aliyekulia uji na sambaza anakimbia salama.

Kalsiamu na fosforasi zinatakiwa ziwe sawa, au kalsiamu izidi kidogo, isifike mara mbili. Ganda la yai ni msaada wa bure: lichemshe, likauke, lisage liwe vumbi kabisa. Kijiko kidogo cha vumbi hilo kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Kwa kila kilo moja ya nyama isiyo na mifupa, kijiko kimoja hadi kimoja na nusu. Lakini kama anakula sambaza na mifupa yao, au krokete (chakula kikavu cha dukani) za watoto wa mbwa, usiongeze chochote. Kwa mbwa wa aina kubwa kalsiamu ya ziada nayo huharibu viungo, na hao wanaotoa vidonge vya kalsiamu "ili awe mrefu" wanamlemaza.

Idadi ya milo: mara nne kwa siku hadi miezi 3, mara tatu hadi miezi 6, kisha mara mbili. Miguu ikishapinda, mzuie kuruka na kupanda ngazi, rekebisha chakula leo, na apigwe picha ya mifupa ikiwezekana. Wengi hunyooka kama hujachelewa.

Hataki kula

Siku moja si tatizo. Siku mbili, chunguza.

Nusa unga. Mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na unga au mahindi yaliyowekwa sakafuni hushika unyevu. Kuvu fulani hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo mbwa huathirika nayo upesi kuliko wanyama wengi, na kupika hakuiondoi. Dalili zake: anakataa chakula, anatapika, analegea, kisha weupe wa macho na ufizi unageuka njano. Gunia lenye kuvu ambalo umelikataa kwa watoto usimpe mbwa. Najua ndivyo inavyofanyika kila siku. Hata kuku usiwape.

Akiwa anataka kula lakini anashindwa, jino au mfupa uliokwama vinawezekana, ila usiingize mkono mdomoni haraka. Mbwa anayetoka mate, asiyeweza kumeza, ambaye sauti au tabia yake imebadilika, huenda ana kichaa cha mbwa, na watu wameng'atwa wakitafuta mfupa usiokuwepo. Mfungie, mwite daktari wa mifugo. Mate yakishakugusa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo.

Anatapika, anajaribu kutapika bila kitu kutoka, au hawezi kunya

Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ya kuku na ya mbuzi ndiyo mibaya zaidi. Kinyesi cheupe, kikavu kama chaki, na mbwa anayesukuma kwa uchungu ni ishara kwamba mifupa imezidi. Na pale nyuma ya nganda (baa za mtaani), tatizo si mfupa peke yake: vijiti vya broshete (mishikaki) vina harufu ya nyama na mafuta, mbwa anavimeza vizima, na kijiti kinatoboa tumbo. Ukiishi karibu na nganda, funga geti Jumamosi jioni.

Nyama za ndani kutoka machinjioni, mapafu na ini hasa, zichemshwe kila mara. Zikiwa mbichi huweza kuwa na malengelenge ya tegu mdogo anayekua ndani ya mbwa, na mayai yake yakifika kwa mtu hujenga uvimbe kwenye ini au mapafu ya mtu huyo. Sambaza wabichi nao wapikwe: samaki wengi wa jamii yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza.

Dharura ya kweli ni hii: mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, amekula sahani kubwa mara moja usiku, kisha tumbo limevimba ghafla, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, hawezi kutulia. Tumbo limejipinda. Usimpe mafuta, usimpe maji ya chumvi. Ni upasuaji au kifo, ndani ya saa chache. Ndiyo maana mlo mmoja mkubwa wa saa mbili usiku si mpango mzuri. Ugawe, nusu asubuhi nusu jioni.

Ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya kahawa

Vitunguu. Huharibu chembe nyekundu za damu, na kuvipika hakupunguzi kitu. Kitunguu saumu kimo pia. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuleta madhara, kwa hiyo mbwa mdogo wa kilo 5 hahitaji hata kitunguu kimoja kikubwa. Dalili huchelewa siku kadhaa, ndiyo maana hakuna anayekumbuka mchuzi wa Jumapili. Mchuzi na sombe yetu vina vitunguu, chumvi na magi. Suluhisho rahisi: toa fungu la mbwa kabla viungo havijaingia sufuriani. Kupe wengi nao huleta ufizi mweupe, kwa hiyo mkague masikio na kati ya vidole.

Chokoleti, na bazoka (chingamu) zisizo na sukari, zenye zailitoli, zisimfikie kabisa.

Amenenepa

Ni wachache, na karibu wote wana zaidi ya mtu mmoja anayewalisha. Mandazi moja kwa mbwa wa kilo 8 ni sehemu kubwa ya mlo wake wa siku. Chagueni mlishaji mmoja, punguza unga kwa moja ya tano, acha samaki na mboga zilivyo.

Anakula krokete na bado ana matatizo

Soma mfuko. Yaliyoandikwa *aliment complet* yanatosha peke yake. *Aliment complémentaire* ni nyongeza tu. Tazama umri unaolengwa na tarehe. Krokete zinazouzwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi sokoni zimeshaanza kuchacha mafuta, na hujui zilifunguliwa lini. Ukichanganya na bugali nusu kwa nusu ili zidumu, umepunguza protini na madini kwa kadiri hiyohiyo. Ongeza basi konzi ya sambaza.

Baada ya mabadiliko yoyote, mpime kila wiki 2: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Akiwa amekonda na hajaongeza kitu baada ya wiki 4 za chakula kizuri na dawa ya minyoo, acha kuongeza unga. Chukua kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo safi, pamoja na ile karatasi ya wiki moja, mpelekee veterineri.